Kusafiri kwa Gari Ukiwa na Bastola ya Leseni: Mwongozo kwa Wamiliki wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mnunuzi wa dhahabu anayerudi kutoka Geita, tajiri wa dagaa anayeingia Mwaloni Kirumba kabla hakujapambazuka, na mwenye vituo vya mafuta anayekusanya mauzo ya Misungwi na Magu ni miongoni mwa watu ambao katika mkoa huu huomba leseni ya bastola kwa ajili ya kujilinda. Wengi wao wamefundishwa kulenga shabaha na kusafisha silaha, lakini hawakuelezwa kwa kina namna ya kukaa nayo ndani ya gari, ilhali barabarani ndiko wanakokutana na polisi, abiria, mafundi na wezi. Mwongozo huu unamhusu raia mwenye leseni yake anayesafiri kwa gari binafsi. Hauwahusu walinzi wa kampuni, ambao silaha zao zina utaratibu wake.

Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo moja. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu. Gari lako halina leseni ya bastola, dereva wako hana, mkeo hana, na ndugu yako uliyempa lifti mpaka Usagara hana. Mmiliki na bastola yake wakishatengana, hata kwa muda wa kununua maji dukani, kuna mtu mwingine ambaye bila kujua ameanza kuwa na silaha asiyo na kibali nayo.

Hatua ya kwanza: isome leseni yako kabla ya kuwasha gari

Silaha za raia nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya zamani ya Sura ya 223. Kwa mujibu wa sheria hii, kuwa na silaha bila leseni ni kosa, na kuwa na risasi bila kibali ni kosa jingine linalojitegemea. Katika sheria kama ilivyotungwa, la kwanza liko kifungu cha 20 na la pili kifungu cha 21. Mashtaka ya namna hii huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo inadai kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba leseni iliyokwisha muda ni jambo la kulipa faini kituoni na kuendelea na safari anajidanganya.

Itoe leseni siku moja au mbili kabla ya safari, uiweke mezani kando ya bastola, na ulinganishe namba iliyochongwa kwenye chuma na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, tarakimu moja baada ya nyingine. Karani huweza kuandika 8 mahali pa 3, na kosa hilo likalala miaka mingi bila kuonekana hadi siku askari mwenye tochi atakapolisoma saa tano usiku. Ukiliona, lirekebishe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kabla ya kuondoka. Tazama pia tarehe ya mwisho wa leseni, hasa ikiwa safari ni ndefu na tarehe hiyo itakukuta ukiwa njiani. Risasi unazobeba zisizidi zile ulizoruhusiwa na ambazo kumbukumbu zako zinaweza kuzieleza.

Beba leseni halisi. Kivuli kilichopigwa muhuri ni kizuri kubaki nyumbani, lakini barabarani askari ana haki ya kukitilia shaka. Pamoja na leseni beba kitambulisho cha taifa, na vyote viwili viwe kwenye mfuko wa shati au pochi, mahali ambapo mkono unafika bila kuipitia bastola. Wapo wanaohifadhi leseni ndani ya mkoba uleule wa bastola, wakiona ni utaratibu mzuri. Ni utaratibu wa hatari, kwa sababu askari akisema "nionyeshe leseni," mtu huyo atalazimika kupeleka mkono kwenye silaha ili aitii amri.

Hatua ya pili: ipime njia, kisha uamue kama bastola inakwenda

Barabara za Kanda ya Ziwa zinapakana na hifadhi nyingi kuliko msafiri anavyokumbuka, na ndani ya hifadhi leseni yako ya kawaida haitoshi. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuingia au kukutwa na silaha hifadhini bila ruhusa, na mahakama za Mara zimezoea mashtaka ya kifungu hicho, japo mengi huwa ya mapanga, mikuki na mitego. Mapori ya akiba nayo yanalindwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Anayekwenda Musoma kupitia Magu, Lamadi na Bunda hana shida maadamu anabaki kwenye lami, lakini akikata kulia kuingia lango la Ndabaka, hata kama nia yake ni kuwaonyesha watoto nyumbu kwa saa mbili, ameingia Serengeti na silaha. Anayekwenda Arusha na kuvutiwa na ufupi wa njia ya kukatiza Serengeti na Ngorongoro azunguke kwa Shinyanga na Singida, au aiache bastola. Upande wa magharibi, mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, hivyo mtu aliyeizoea njia ya Biharamulo kwenda Muleba tangu zamani asidhani kwamba mazoea yake ndiyo sheria ya leo. Awasiliane na uongozi wa hifadhi kabla ya safari, na akipewa ruhusa aipate kwa maandishi.

Mtego ulio karibu zaidi uko mjini penyewe. Kisiwa cha Saanane, ambacho watu wa Mwanza hukiona kila siku kutoka Capri Point na kukichukulia kama bustani ya mapumziko, ni hifadhi ya taifa kamili tangu mwaka 2013. Mgeni wako akitaka kwenda kuona pundamilia na pimbi siku ya Jumapili, bastola haipandi boti, na pia haibaki ndani ya gari uliloegesha ng'ambo. Inabaki nyumbani kwenye kasha lake.

Mipaka ya nchi ni rahisi kueleza: leseni ya Tanzania inaishia Sirari, Mutukula na Rusumo. Ng'ambo ya hapo kuna sheria za Kenya, Uganda na Rwanda, na kuvusha silaha ni jambo la vibali vya serikali zote mbili, vinavyoombwa mapema. Usifike mpakani ndipo uanze kuuliza pa kuiacha.

Maoni yangu ni kwamba safari nyingi hazihitaji bastola. Harusi ya Bukoba, msiba wa Tarime, na mkutano wa Dodoma ambako utalala hotelini na kuingia ukumbini mara kumi kwa siku ni safari ambazo silaha itakuwa mzigo wa kulinda badala ya kitu cha kukulinda. Ikiwa nyumbani hakutabaki mtu na huna kasha la chuma lililofungwa ukutani, muombe mkuu wa kituo cha polisi unakotambulika akuhifadhie, na usiondoke bila maandishi yanayotaja aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, tarehe, na jina na namba ya askari aliyeipokea.

Hatua ya tatu: iandae bastola nyumbani

Kazi yoyote ya kutoa au kuingiza risasi ifanyike nyumbani, chumbani peke yako, mtutu ukielekea mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu; ndoo iliyojazwa mchanga inatosha. Isifanyike ndani ya gari. Katika kiti cha dereva hakuna upande ulio salama: mbele kuna injini na barabara, kushoto kuna abiria, kulia kuna waendesha bodaboda, na chini kuna miguu yako mwenyewe.

Kwa bastola ya magazini, yaani kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini, mfuatano ndio usalama wenyewe. Toa kwanza magazini, kisha vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) ili risasi iliyomo chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) idondoke, ishike slaidi ikiwa wazi, itazame chemba kwa macho na uiguse kwa ncha ya kidole. Anayeanza kwa kuvuta slaidi huku magazini ikiwa bado ndani huona risasi moja ikiruka, akaridhika kwamba bastola ni tupu, kumbe slaidi iliporudi mbele imesukuma risasi nyingine chemba. Kidole kikae nje ya triga muda wote. Kwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, fungua silinda, toa risasi zote, uhesabu matundu.

Kwa safari ya kawaida napendekeza chemba iwe tupu. Mwenye sababu ya kweli ya kujilinda, kwa mfano aliyebeba fedha za mauzo ya siku, anaweza kuweka magazini ndani ya bastola na kuacha chemba tupu. Asiye na sababu hiyo aziweke bastola na magazini mahali tofauti, zote zikiwa zimefungwa. Hesabu risasi na uandike idadi kwenye simu. Hesabu hiyo utaihitaji utakaporudi.

Hatua ya nne: mahali pa kuiweka garini

Kuna sehemu mbili tu zinazofaa. Ya kwanza ni mwilini mwa mmiliki, ndani ya mkoba mgumu wa kiunoni unaofunika triga yote na kuishika bastola isichomoke hata ukiinama, huku shati likiufunika. Ya pili ni kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa boliti au waya wa chuma kwenye fremu ya kiti, na ufunguo wake ukae kwa mmiliki na si kwenye pete moja na ufunguo wa gari. Sababu ya hilo utaiona siku utakapompa mtu gari alisogeze.

Mahali pengine pote panapotumika kwa mazoea hapafai. Kisanduku cha dashibodi ndicho mwizi anachokifungua kwanza baada ya kuvunja kioo, na ndicho mtoto anachokifungua akitafuta pipi. Mfuko wa mlangoni huonekana na kila anayeuza mahindi ya kuchoma kituoni. Chini ya kiti, bila kufungwa, bastola huteleza kwenye tuta la kwanza la Buhongwa na inaweza kuishia chini ya pedali ya breki. Mkoba wa mke si mahali pa bastola ya mume, hata kama mkoba huo uko sentimita thelathini kutoka kwake, kwa sababu ukipekuliwa atakayekutwa na silaha ni mwenye mkoba.

Unyevu wa ziwa nao unahusika. Bastola iliyokaa kiunoni mchana kutwa kwenye jasho, kisha ikafungiwa usiku kwenye mkoba wa ngozi uliolowa, huanza madoa ya kutu mapema. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ufikapo.

Hatua ya tano: dereva na abiria

Ukiendeshwa, bastola iwe kwako na si mbele kwa dereva. Ukishuka, inashuka nawe. Hapa ndipo watu wenye heshima zao hukosea zaidi: bosi anaingia benki, anakumbuka kwamba mlangoni kuna kibao cha kukataza silaha, anarudi na kumwachia kijana wake bastola "dakika tano tu." Katika dakika hizo tano kijana ana silaha bila leseni, na bosi amemkabidhi silaha mtu asiyeruhusiwa. Kama unajua siku hiyo utaingia benki, mahakamani au ofisi ya serikali, usiibebe. Na kama umelazimika, ifunge kwenye kisanduku chake ukiwa bado hujafika, mahali pasipo na watazamaji, gari lifungwe, na dereva atoke nje ya gari au aondoke nawe.

Abiria wazima waelezwe kwa ufupi kwamba kuna silaha na kwamba hawapaswi kuigusa wala kuitaja kwenye kizuizi cha polisi. Mtu wa kiti cha nyuma anayeropoka "afande, huyu ana bastola" kwa mzaha anaweza kuiharibu jioni ya watu wote.

Kwenye basi kutoka Nyegezi au Nyamhongolo kanuni ni ileile: mwilini mwako, chemba tupu, kamwe si kwenye begi la buti au la juu ya kiti, na usilale usingizi mzito. Binafsi naona basi la usiku si mahali pa mtu mwenye bastola.

Hatua ya sita: kwenye kizuizi cha polisi barabarani

Punguza mwendo mapema, simamisha gari kando, zima injini na redio, na kama ni usiku washa taa ya ndani. Shusha kioo. Weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vikionekana, na usianze kupekua mifuko kabla hujaulizwa kitu. Askari amesimama peke yake gizani, hajui wewe ni nani, na anachokiangalia kwanza ni mikono.

Akiomba leseni ya udereva tu na kukuruhusu uendelee, hakuna haja ya kuanza kutangaza habari za silaha kwa trafiki aliye na foleni ya malori nyuma yako. Lakini mara tu anapotaja upekuzi, au anapokutaka ushuke, mweleze kabla hujagusa mkanda wa kiti wala kitasa. Maneno yaanze na leseni, kisha mahali ilipo, kisha uombe maelekezo:

"Shikamoo afande" au "Habari za kazi, afande," kutegemea umri wake, "mimi ni mmiliki wa silaha kwa leseni. Bastola iko kiunoni upande wa kulia, chemba haina risasi. Leseni iko mfuko wa shati. Naomba unielekeze."

Baada ya hapo, nyamaza na ufuate anachosema, polepole. Usiichomoe bastola ili "umwonyeshe." Akitaka kuiona, muulize kama angependa kuichukua mwenyewe ukiwa umesimama nje na mikono juu ya boneti. Akikuamuru uitoe wewe, itoe pamoja na mkoba wake, kwa vidole viwili, mtutu ukielekea chini. Ubishi kuhusu haki zako una mahali pake, nako ni kituoni mbele ya mkuu wa kituo.

Askari akiamua kuichukua silaha, mpe ushirikiano, ila usiondoke mikono mitupu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi inayokitaja kitu hicho na kusainiwa. Soma namba ya silaha iliyoandikwa humo kabla hujasaini, na idadi ya risasi pia. Ile hesabu uliyoiandika kwenye simu asubuhi sasa ina kazi.

Hatua ya saba: daraja na vivuko

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, msafiri wa Sengerema na Geita anavuka ghuba kwa takriban kilomita 3 bila kushuka garini, na tatizo la zamani la kupanga foleni ya kivuko huku kiuno kikiwa kizito limekwisha upande huo. Bado lipo Kamanga, na lipo Kisorya kwa wanaokwenda Ukerewe kupitia Rugezi. Kivukoni gari huenda kwa dereva wake na abiria hupanda kwa miguu wakibanana na baiskeli, matenga ya samaki na mbuzi. Ikiwa wewe si dereva, bastola inapanda nawe kwa miguu, ikiwa imefunikwa vizuri na mkono wako ukiwa juu ya shati, kwa sababu katika msongamano ule mtu hupoteza simu bila kuhisi chochote. Ikiwa wewe ndiye dereva, kaa na gari lako. Usiifunge kisandukuni ukaenda kusimama kwenye ukingo kupunga upepo, ukaliacha gari katikati ya umati.

Hatua ya nane: kusimama njiani na kulala

Kuna sehemu tatu ambako gari hutoka mikononi mwa mwenyewe bila yeye kulifikiria hilo: gereji, mahali pa kuoshea magari, na maegesho ya hoteli ambako mlinzi huomba ufunguo. Kabla ya kulikabidhi gari popote, bastola na magazini zitoke, hata kama kisanduku kina kufuli nzuri. Kisha pitisha mkono chini ya kiti na katikati ya kiti na mkanda. Risasi moja iliyodondoka miezi iliyopita na kuokotwa na kijana anayefyonza vumbi inatosha kuwapeleka kituoni wewe na yeye, na risasi, kama tulivyoona, ina kosa lake yenyewe. Fanya vivyo hivyo kabla ya kuuza gari.

Kuhusu pombe sitaandika mengi. Ukijua utakunywa, iache nyumbani. Ukiwa umekwisha ibeba, usinywe.

Gesti ikiwa haina kasha la chuma chumbani, bastola ambayo magazini yake imetolewa hulala karibu nawe ikiwa ndani ya mkoba wake, mlango ukiwa na komeo, na asubuhi unaondoka nayo. Usiikabidhi mapokezi. Mhudumu wa mapokezi ni mtu mwingine asiye na leseni.

Ukilazimika kuitumia, au ikipotea

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 18A hadi 18C, inatambua haki ya kujihami, kumtetea mwingine na kulinda mali, lakini inaruhusu nguvu ya kiasi tu inayohitajika kwa utetezi huo. Ukiwa garini, na injini inawaka na barabara iko wazi, kuondoka kwa kasi kunaeleweka mahakamani kuliko kupiga risasi. Ikitokea umefyatua, hata hewani, piga 112, baki mahali salama palipo karibu, usiokote maganda, na usiisafishe bastola.

Ikipotea au kuibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu saa ileile, hata kama kiko Nyehunge na wewe ni mtu wa Ilemela. Usisubiri urudi mjini kwa sababu huko ndiko unakojulikana. Toa namba ya silaha, idadi ya risasi, na mahali ulipoiona mara ya mwisho, upewe namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi) iliyoandikwa wazi. Piga picha ya RB hiyo papo hapo, kisha ukifika nyumbani ipeleke pamoja na leseni kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya yako ili taarifa iingie kwenye jalada la silaha hiyo. Kila saa inayopita kati ya kupotea na RB ni saa ambayo jambo lolote likifanywa kwa bastola ile, jina lililoko kwenye kumbukumbu ni lako.